Aliyetuletea Miji Huru Lewisham

Habari za kifo chake nilizipata Jumamosi, nikiwa kwenye foleni ya samaki sokoni Lewisham. Muuguzi mmoja tunayesali naye alinishika mkono akasema, "Kaka, Mwalimu ametutoka." Nilihuzunika kweli. Lakini nyinyi wasomaji wangu mnanijua: kabla hata sijafungiwa samaki wangu, wivu ulikuwa umeshanipanda. Mwalimu, mwanamke niliyesali naye miaka yote, alinipita akiwa hai, na nilijua hata maziko yake yatafurika watu kuliko yangu.

Sote wawili tulisomea historia. Mimi niliishia kuandika safu. Yeye alifundisha chuoni habari za miji huru ya Ujerumani, iliyojitawala kwa mabaraza yake chini ya kaisari, enzi ambayo mafundisho mapya ya dini yaliitikisa Ulaya. Niliiona mada kavu, isiyoweza kumfaa Mswahili yeyote hapa London. Kisha kanisa letu likagawanyika. Mchungaji alikuwa akiteua kamati peke yake, waumini wakadai kura, mpaka ndugu wa tumbo moja wakanuniana. Kwenye mkutano nilitangulia kusema mimi, kwa hotuba niliyoihangaikia wiki nzima. Watu wakachungulia simu zao. Akasimama yeye, akasimulia jinsi wafumaji na waoka mikate wa miji ile walivyolibana baraza mpaka likawapa mhubiri waliyemtaka.

"Sasa Wajerumani wa kale wanatuhusu nini, Mwalimu?" mzee mmoja akauliza.

"Wanatuhusu, Baba. Baada ya ushindi, wakubwa wa baraza walishika mji na kanisa pia, wakajifungia humo. Waliowasukuma wakaambiwa warudi makwao, watii. Tukichagua kamati leo, tukubaliane leo hii namna ya kuiondoa."

Ukumbi mzima ulicheka, halafu ukapiga kura. Mchungaji naye aliinua mkono, ingawa shingo upande. Wakamchagua Mwalimu mwenyekiti wa kamati. Mimi nikajifariji kwamba cheo kitamlevya, nikakaa nikisubiri.

Muhula wake ulipokwisha, binti mmoja anayetunza wazee aligombea naye, akamshinda. Nilimkodolea macho Mwalimu nione atakavyofura. Alimkumbatia binti yule, akaja kuketi nyuma, karibu nami.

"Imekuuma?" nikamnong'oneza.

"Sana, kaka. Nilikitaka kile kiti. Lakini si ndivyo tulivyokubaliana?"

Juzi tumemzika. Binti aliyemshinda ndiye aliyeongoza sala, akalia hata akashindwa kuendelea. Mchungaji, ambaye Mwalimu alimpunguzia madaraka, akaja kumalizia. Nikawatazama wote wawili, roho ikiniuma, kwa sababu sijui ni nani niliyewahi kushindana naye atakayenililia namna ile. Kudai mageuzi tunajua wengi, na mimi nimeyadai katika safu hii kwa miaka. Yeye aliyapenda hata siku yalipomtoa kitini, na tangu hapo sijapata mtu mwingine wa kumwonea wivu kiasi hicho.