Mwaka Chama Kiliporudi kwenye Miiko

Efrazia Akonaay aliingia umoja wa vijana wa Chama akiwa msichana huko Tlawi, na watu wa kwao walimtania kwamba ahadi za mwanachama anazijua kuliko Salamu Maria. Alipoolewa na Sulle akashuka naye Hanang, kwenye kijiji kilichopakana na shamba kubwa la ngano la serikali. Haikupita miaka mitatu akachaguliwa katibu wa tawi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye meza, bendera na mhuri. Alikuwa akikifagia mwenyewe.

Lakini kadiri miaka ilivyokwenda, moyo wake ulizidi kuwa mzito. Sukari ya mgawo iliishia majumbani kwa wakubwa. Mwenyekiti wa tawi, Ndugu Tadei, alilimiwa ekari zake na trekta la shamba la serikali, na aliyeuliza alionekana mchochezi. Kwa hiyo mwaka themanini na mbili, waraka ulipoletwa kutangaza kwamba Chama kinarudi kwenye miiko yake ya zamani, Efrazia aliusoma mara mbili huku machozi yakimlengalenga. Kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiajiri mtu wa kumtumikia. Mwenye navyo achague: avibakize au abaki na uongozi.

"Sasa tutapumua," alimwambia mumewe jioni ile.

Sulle, aliyekuwa dereva wa mashine ya kuvuna ngano, alikuwa ananawa vumbi usoni. "Utapumua wewe," akasema. "Na Mama Helena je?"

Hilo Efrazia hakuwa amelifikiria.

Helena alikuwa mjane wa Kibarbaig. Pale mumewe alipokuwa akilisha ng'ombe, sasa palikuwa ngano tupu mpaka macho yachoke. Kaburi la mkwewe, tuta refu la udongo ambalo ukoo mzima ulilijenga kwa heshima, lilipitiwa na plau kama kichuguu. Mifugo yao ilikamatwa, mingine ikafa, na mwisho mume naye akafa. Miaka minne iliyopita alifika kwa Efrazia akiwa na fimbo na kibuyu tu. Wakampa kibanda, akawachungia ng'ombe wao, nao wakampa maziwa ya jioni na ndama mmoja kila mwaka. Watoto wa nyumba ile walimwita bibi.

Kamati ya tawi iliketi Jumatano. Efrazia alikuwa amejiandaa kuuliza habari za trekta, lakini Tadei akamtangulia.

"Ndugu wajumbe, tuanze na sisi wenyewe. Ndugu Katibu, yule mama anayechunga kwako, mna undugu naye?"

"Hapana."

"Mnampa chochote?"

Mzee Patriki, mjumbe aliyempenda Efrazia kama binti yake, akaingilia haraka. "Si mgeni tu, mwanangu? Sema ni mgeni, tuendelee na mengine."

Neno moja tu, na yangeisha. Efrazia alilisikia likimjia ulimini. Lakini aliapa kusema kweli tangu akiwa na umri wa miaka kumi na saba.

"Tunampa ndama kila mwaka," akasema. "Na maziwa."

"Basi umeajiri," Tadei akasema. "Kwa lugha ya Chama, unamnyonya."

"Mwenyekiti, mimi nilimpokea akiwa ameshanyang'anywa kila kitu. Mbona waliomnyang'anya hatuwaulizi?"

"Shamba ni la taifa. Halijadiliwi kwenye tawi."

Efrazia alipotaja trekta, Tadei alisema alilipia na vielelezo viko wilayani. Wajumbe wakatazama sakafu. Efrazia akapewa hadi Jumatatu: amwondoe Helena au aache ukatibu.

Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo alilikiri mpaka uzeeni. Hakumwambia Helena. Alimpa shikamoo asubuhi, akampokea kibuyu jioni, akajifanya hakuna kitu. Alitaka kubaki na vyote viwili. Jumamosi alikwenda ofisi ya Chama Katesh, akitumaini kwamba mkubwa fulani angesema waraka haukukusudia mtu kama Helena. Alikaa kwenye benchi hadi mchana. Kijana wa ofisini akamwambia, "Waraka ni waraka, mama."

Aliporudi alikuta kibanda kimefagiwa. Ng'ombe walikuwa wamekamuliwa, maziwa yamefunikwa. Helena alikuwa ameondoka na ndama wake.

Jumatatu Tadei alisimama kwa furaha. "Katibu wetu ametii. Huu ndio mfano wa kiongozi aliyerudi kwenye miiko!" Wajumbe wakapiga makofi.

Efrazia alisubiri yaishe. "Sikumwondoa," akasema. "Aliondoka kwa sababu nilimficha habari hii. Msinipigie makofi kwa hilo." Akaweka mhuri na ufunguo mezani, akatoka. Mzee Patriki alimwita mara mbili. Hakugeuka.

Wiki iliyofuata alitembea hadi Hirbadaw, kwa Gidahosh, kaka yake Helena. Alimkuta mama yule ameketi mlangoni, anasafisha kibuyu kwa kaa la moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Helena hakuinua uso. "Nilisikia kisimani, kwa wanawake wanaocheka. Sikusikia kwako."

"Niliogopa. Nisamehe. Sasa mimi si katibu tena, hakuna wa kukusema. Turudi nyumbani."

Helena alitikisa kibuyu, akamwaga majivu. "Ninyi Chama chenu kina pa kurudi," akasema. "Mimi pangu pamelimwa. Kwako nilikaa nikidhani ni kwangu, kumbe palikuwa na karatasi. Nitakaa hapa."

Hata hivyo alimpa maziwa, kwa sababu mgeni hatoki na kiu.

Miaka miwili baadaye Tadei alipandishwa akaenda wilayani. Efrazia hakurudisha kadi yake. Aliendelea kuhudhuria mikutano, akikaa nyuma, na waraka mpya ukisomwa aliuliza swali moja tu: unamgusa nani wa kwanza? Wengi walimwona msumbufu. Kila kiangazi alibeba maharage ya Tlawi hadi Hirbadaw. Helena aliyapokea kwa mikono miwili, wakaongea habari za mvua na za watoto. Lakini zamani alikuwa akimwita "mwanangu," na tangu siku ile alimwita Mama Katibu.