Siku Binti Yangu Alipozungumza Kigobe

Shule ilimchagua binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, aende Kigobe, kwenye ukumbi wa Bunge, kuzungumza na watu wanaoandika ripoti ya nchi kuhusu haki za watoto. Asubuhi, nikimsuka nywele, aliniuliza, "Mama, niseme yote?"

"Sema ile unajua," nilimjibu, na papo hapo nikaingiwa na hofu.

Ukumbini nilikaa nyuma. Wenzake walishukuru kwa madawati na maji. Yeye akashika kipaza sauti akasema, "Kwetu Buyenzi, kwa jirani, kuna musichana wa rika yangu. Anafua, anapika, anabeba mutoto mugongoni. Kusoma, apana."

Jirani huyo ndiye aliyenipikia uji nilipojifungua. Mama mmoja wa ripoti aliinama akamuuliza ni nyumba ipi, naye akaieleza bila kusita.

Siku zilizofuata sikuwa na raha. Kila mlango wa jirani ulipogongwa, nilizima redio nisikilize. Hatimaye watu wa ripoti walikuja, wakaongea na jirani kwa upole, wakarudi tena. Muhula ulipoanza, yule msichana alipita kwangu amevaa sare, yeye na binti yangu wakicheka.

Jirani alijua maneno yalitoka wapi. Siku ya Idi nilimpelekea sambusa. Alizipokea mlangoni, akasema, "Mungu akulipe," akafunga. Mpaka leo sijui aliniombea heri au alinishtaki kwa Mungu.