Sitini na Tisini

Namba ya kipimo haisomwi nzima. Inasomwa tarakimu moja moja, na anayeandika hashushi kalamu mpaka airudie kwa sauti. Kanuni hii imetokana na lugha yetu wenyewe, ambayo imeyaweka maneno sitini na tisini jirani kama mapacha. Mtu akiita kutoka mbali na upepo ukivuma, moja linasikika kama jingine. Kwa hiyo mpima mwenye adabu ya kazi hasemi "tisini." Anasema "tisa, sifuri," mwandishi wake anajibu "tisa, sifuri," ndipo wino unagusa karatasi.

Mtu ninayemweleza hapa aliishika kanuni hiyo kwa miaka ishirini na miwili, akaivunja mchana mmoja.

Kazini walimwita Mtarajiwa. Alikuwa mpima ardhi msaidizi, mwenye stashahada lakini asiye na leseni. Aliweza kupima shamba, kusimika bikoni, yaani nguzo fupi za mpaka, na kukokotoa ukubwa wake, ila hakuruhusiwa kutia sahihi. Ramani alizozitolea jasho zilitiwa sahihi na bosi wake, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili, na ambaye Mtarajiwa mwenyewe ndiye aliyemfundisha kusimamisha miguu mitatu ya darubini kwenye mteremko. Kazi zake zilikuwa kama mtoto aliyeandikishwa shule kwa jina la mjomba.

"Mtarajiwa, harusi lini?" mchora ramani alimuuliza kila mwaka matokeo ya bodi ya wapima ardhi yalipokaribia.

"Mwaka huu."

"Bibi harusi atazeeka, shauri yako."

"Aliyezeeka ni bwana harusi," alijibu, akainamia meza yake.

Mitihani ya karatasi aliifanya mara nne. Mara tatu alianguka. Ya nne alifaulu, akiwa na miaka arobaini na sita, akisoma kwa miwani ya pili. Baada ya hapo ilibaki kazi ya vitendo na mahojiano, na kwa hayo bodi ilitoa nafasi mbili tu. Ya kwanza ilikataliwa kwa sababu pembe moja haikupimwa mara ya pili. Akikosa na nafasi hii ya mwisho, karatasi alizofaulu zingefutwa, aanze upya toka somo la sheria. Alijua hataanza upya. Alikuwa amechoka mwili na moyo, na watoto wake walishazoea kuambiwa kila jambo lisubiri mpaka baba amalize mtihani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: azungushe bikoni kumi na mbili kwenye eneo moja, apime kila pembe na kila mstari, kisha arudi alikoanzia. Namba zikiwa sahihi, mzunguko unafunga. Hesabu ya mwisho inaangukia juu ya bikoni ya kwanza. Zikiwa na kosa, haufungi. Bodi haikutaka mashine za kisasa zinazojiandikia zenyewe. Ilitaka tepu ya chuma, darubini, na kitabu cha uwandani kilichoandikwa kwa mkono wa mtu.

Mtu huyo alikuwa mke wake. Wasaidizi wa ofisini walikuwa na Jumapili zao, naye hakuwa na moyo wa kuwaomba. Mke alikuwa fundi cherehani. Alizoea kuandika vipimo, na saba zake hazikufanana na moja. Kwa Jumapili nne alifunga chumba chake cha ushonaji, akavaa viatu vya mumewe vya zamani, akaenda naye kwenye uwanja mpana ulio nyuma ya maghala. Pete ya tepu iliingizwa kwenye msumari wa bikoni, yeye akasimama hapo na kitabu, mume akaivuta tepu mpaka bikoni ya mbele na kusoma kutoka huko.

"Futi yangu mimi inaishia kwenye nyonga za mtu," mke alisema siku ya kwanza. "Hii yako inaishia wapi?"

"Inaishia kwenye leseni."

"Haya, ivute basi. Maana ni ndefu kama ahadi zako."

Walicheka. Wakati huo bado walikuwa na nguvu za kucheka.

Jumapili ya nne, saa nane mchana, walikuwa mstari wa saba, kando ya uzio wa maghala. Malori yalikuwa yakirudi kinyumenyume yakipiga honi. Hapakuwa na kivuli. Maji yao yalikwisha saa sita. Kila namba ilipaswa kuitwa, kurudiwa na kuthibitishwa, na koo la mume lilikuwa limekauka.

"Tatu!" aliita.

"Tatu!" mke alijibu.

"Nne!"

"Nini?"

"Nne! Nne!"

"Nne!"

Mume aliinua mkono. "Mama watoto, tuache huku kurudiarudia! Jua linatumaliza! Nakusomea nzima, we andika tu!"

"Si umesema lazima nirudie?"

"Andika tu, bwana! Thelathini na nne, tisini!"

Mke aliandika. Walipima hivyo mstari wa saba, wa nane na wa tisa. Iliyobaki waliipima jua lilipopoa, na waliirudia kama ilivyo desturi.

Jioni ile, kabla ya chakula, alikaa mezani na kikokotoo. Mzunguko haukufunga. Ulikosa kwa sentimita thelathini, wala si ishirini na tisa wala thelathini na moja, na kosa lilielekea upande uleule wa mstari wa saba. Hakuhitaji kuambiwa. Alifungua kitabu akaona mwandiko safi wa mke wake: 34.60.

Jumapili iliyofuata walirudi, wakaipima upya mistari yote mitatu, tarakimu moja moja, kwa kurudia. Wa saba ulitoka 34.90. Ile miwili haikubadilika. Mzunguko ulifunga vizuri kabisa, na hapo mtu angedhani kazi imekwisha. Lakini kitabu cha uwandani hakifutwi. Namba yenye kosa inapigwa mstari mmoja ili isomeke, iliyo sahihi inaandikwa juu yake, na pembeni inaandikwa sababu, kisha msomaji na mwandishi wanatia sahihi. Kwenye jalada, kwa ndani, bodi ilikuwa imechapisha onyo: kitabu chenye vipimo vilivyosomwa bila marudio kitakataliwa chote. Siku ya kukikabidhi ilikuwa Jumanne. Hapakuwa na Jumapili nyingine nne.

Alikaa mbele ya ile nafasi ndogo ya sababu mpaka chai ikapoa.

"Unaogopa nini?" mke aliuliza. Alikuwa anapasi sketi ya mteja.

"Nikiandika kweli, wanakikataa."

"Na kweli ni ipi?"

"Kwamba nilikuzuia kurudia."

Mke aliweka pasi wima. "Si uandike mimi ndiye niliyesikia vibaya? Mimi sina leseni ya kunyang'anywa. Andika, baba watoto, tulale. Nimechoka na hiki kitabu kuliko wewe."

Alipaswa kukataa. Aliandika: *Kosa la mwandishi.* Akatia sahihi, akamsogezea. Mke alifuta mikono kwenye kanga, akasoma maneno yale matatu, kisha akatia sahihi yake chini ya ya mumewe.

Namba zote katika kitabu kile zilikuwa za kweli. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaomtetea kwa hoja hiyo, kwamba hakuna jirani aliyeibiwa hata unyayo wa ardhi. Ni kweli. Lakini kitabu cha uwandani kina namba na kina maneno, na aliyepewa dhamana ya kimoja amepewa dhamana ya vyote viwili. Na ruhusa ya mtu unayemsingizia haigeuzi uongo kuwa kweli. Inakupunguzia aibu tu, basi.

Siku ya mahojiano mke alimsindikiza. Wasimamizi walikuwa watatu: mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, na wanaume wawili. Chumba kilikuwa na joto, na mlango uliachwa wazi kwa jiwe. Mke alikaa kwenye benchi la ukumbini, hatua tatu kutoka mlangoni, mkoba mapajani.

Maswali ya sheria aliyajibu. Ya hesabu aliyajibu. Kisha mmoja wa wale wanaume akafungua kitabu kwenye mstari wa saba.

"Hapa sitini imekuwa tisini. Mwandishi wako alikuwa nani?"

"Mke wangu."

"Ni mtu wa fani?"

"Hapana. Ni fundi cherehani."

Yule bwana aliegemea kiti. "Aa, ndiyo maana! Mkeo kakuibia sentimita thelathini, kazitia kwenye pindo la gauni. Hujambo wewe!"

Mwenzake alicheka. Mtarajiwa naye alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu anayemfurahisha mkubwa wake, lakini kilitoka, na kilisikika ukumbini.

Mwenyekiti hakucheka. Aliuliza, "Ulimsomea tarakimu moja moja?"

"Ndiyo, mama."

"Naye alirudia?"

Hapo palikuwa mahali pa kusimama. Pembeni ya kitabu alikuwa ameandika jambo walilokubaliana nyumbani. Hapa aliulizwa swali jipya, kwa mdomo, na hakuna aliyempa ruhusa ya kulijibu isivyo kweli.

"Hakurudia, mama. Nilimwambia arudie, hakurudia."

Mwenyekiti aliandika. "Siku nyingine chagua mwandishi anayesikia anachoambiwa," alisema. Baada ya nusu saa walimwita tena, wakampa mkono mmoja mmoja. Amefaulu.

Aliponyanyuka hakusikia furaha aliyoitegemea. Ukumbini mke alisimama, akamtengeneza kola ya shati.

"Hongera."

"Tumefaulu, mama watoto."

"Umefaulu."

Walitembea mpaka njia panda. Hapo mume akashindwa kuvumilia.

"Wewe mwenyewe ulisema niandike hivyo."

"Nilisema uandike."

"Sasa?"

"Sikusema ucheke. Wala sikusema uwaambie uliniambia nirudie nikakataa. Nilikuuliza pale uzioni, si umesema lazima nirudie? Ukasema andika tu, bwana. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi. Twende, kuna mteja ananingoja."

Mwezi ule alitafuta namna ya kurekebisha. Alianza barua kwa mwenyekiti, akaichana. Akaanza nyingine, akaona kwamba ikifika atanyang'anywa leseni, naye akaichana pia. Alimwomba mke radhi, na mke akasema yamekwisha. Alikuwa mkweli kwa namna yake: hakununa, hakurusha maneno, chakula kilikuwa mezani kwa wakati wake.

Ofisini jina la Mtarajiwa liliondoka ndani ya siku mbili. Mchora ramani aliagiza soda, bosi akampa meza ya karibu na dirisha na kumwita "mpima mwenzangu." Ramani ya kwanza iliyobeba sahihi yake ilikuwa ya kiwanja cha zahanati. Aliileta nyumbani, akaitandaza juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"Nzuri," mke alisema. Akaivuta taratibu pembeni, akaendelea kukata.

Mume alimuuliza kama Jumapili angependa kwenda naye kwenye kazi ya nje, ya kwanza kwa jina lake mwenyewe. Mke alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa zote kwanza, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Tafuta wa kulipwa," alisema. "Mimi sisikii."

Ni mwaka wa sita sasa. Mpima ana leseni, na kazi yake ni safi. Nimeziona bikoni zake, hazitingishiki. Ana waandishi wawili wa kuajiriwa. Mke wake hajashika tena kitabu chake, hajaenda naye uwanjani, na mume akirudi jioni hamuulizi kazi imekwendaje.