Makaratasi ya Mkoa wa Zamani

Mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya, vyumba vya kupanga Babati vilikuwa vya kugombania. Kila ofisi ilikuwa inaleta watu, na wenye nyumba walipiga plasta leo, kesho wanapokea mpangaji. Sisi tulipata vyumba viwili Bagara, kuta zikiwa bado mbichi, nami nikajiona mjanja kuwawahi wenzangu. Nilikuwa karani, nimehamishwa kutoka Tabora pamoja na mke wangu na binti yetu wa miezi minane.

Baridi hakuna aliyenitahadharisha. Mvua zilipoanza, mawingu yalishuka kutoka Mlima Kwaraa mpaka karibu na mabati yetu, na mtoto akaanza kukohoa. Nilikuwa nimelelewa nikijua kwamba kikohozi cha mtoto kinaletwa na baridi, basi. Nikatazama juu ya madirisha, nikaona matundu ya hewa, na upepo ukiingia na kutoka kama mwenye nyumba. Nikasema adui nimempata.

Ofisini kulikuwa na maboksi ya karatasi zenye kichwa cha Mkoa wa Arusha, ambao Babati ilikuwa chini yake kabla ya kugawanywa. Hazikuwa na kazi tena. Nikaomba boksi moja, nikapanda juu ya stuli, nikazikunja na kuzishindilia katika kila tundu, kisha nikabandika nailoni juu yake. Mke wangu aliniuliza kama nyumba haitakosa hewa. Nikamjibu kwamba kama anataka hewa, iko nje, akaivute huko. Najuta jibu lile mpaka leo.

Mvua haikukatika. Jiko la mkaa tukaliingiza chumba cha mbele, maharage yakichemka kutwa nzima, na nepi tukazianika kwenye kamba iliyopita juu ya vichwa vyetu. Vioo vya madirisha vikawa vinatiririka maji. Baada ya wiki chache nikaona ukungu nyuma ya kabati, madoa meusi, madogo madogo. Nikayafuta kwa kitambaa. Yakarudi, yakapanda, yakafika ukuta wa kitanda cha mtoto. Viatu vyangu vya ofisini vikaota manyoya ya kijani. Nyumba nzima ilinuka gunia lililolowa.

Mtoto naye hakuwa anakohoa tu sasa. Kifua kilikuwa kinapiga filimbi, na mbavu zilizama kila alipovuta pumzi. Nilikuwa nikitoka kazini namkalia pembeni, nahesabu pumzi zake kwa saa ya mkononi, woga unanipotezea hesabu, naanza upya. Niliogopa kwamba nitafika moja halafu mbili isije. Zahanati tulipewa dawa ya maji, na muuguzi akauliza tunapikia wapi, na kama madirisha yanafunguliwa. Nilikasirika kweli. Nilimwambia anayeumwa ni mtoto, siyo nyumba.

Lakini njiani kurudi maneno yale yalinifanyia kazi, na nikaamua mwenye kosa ni mwenye nyumba wetu. Alikuwa mama mtu mzima, mkulima wa kutoka nyanda za juu za Mbulu, aliyekuwa akiishi Sigino. Nikamtumia ujumbe aje. Jumamosi asubuhi akaja na matope yake miguuni, nami nilikuwa nimeshapanga hotuba nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mtoto anaendeleaje?"

"Mtoto anakufa, mama! Nyumba yako inamuua. Hebu tazama kuta hizi!"

Hakutazama kuta. Alisimama mlangoni, akaziba pua kwa kitenge, akainua macho juu ya dirisha.

"Nani ameziba kule?"

Mke wangu aliinamisha kichwa. Angeweza kunitaja, lakini hakunitaja, na hilo liliniumiza kuliko kama angenitaja.

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa nazuia baridi."

"Baridi mfunike mtoto blanketi. Nyumba iache ipumue." Akamchukua binti yangu mikononi mwa mama yake, akatoka naye nje bila kuniaga.

Nikapanda stuli ileile. Karatasi zilitoka zimelowa, zimeoza, nyeusi kwa ukungu, hata jina la mkoa halisomeki. Zile za juu ya kitanda cha mtoto zilimeguka mkononi mwangu, na vipande vyeusi vikaangukia mto wake. Nilibaki pale juu nikivitazama.

Tulifungua madirisha yote, tukasugua kuta kwa sabuni, kitanda tukakisogeza mbali na ukuta, jiko likarudi nje chini ya upenu. Kuta zilipokauka nikapaka chokaa. Kifua cha mtoto kililegea taratibu, kwa wiki nyingi, lakini hakikupona kabisa. Mpaka leo ana pumu. Daktari mmoja alituambia huenda alizaliwa nayo, na neno hilo nimelishikilia miaka yote, ingawa sijawahi kuliamini sawasawa.

Sasa ni mtu mzima, ana nyumba yake. Habari ya makaratasi hajui. Mama yake hajamwambia, na mimi sijaweza. Akija kututembelea, hufungua madirisha yote kwanza, ndipo anipe shikamoo. Mimi huvaa sweta.