Siku Dobi Alipoingia Topeni

Mtaa mzima ulimwita Dobi, na dobi alikuwa kwelikweli. Shuka za nyumba ya wageni, makoti meupe ya zahanati, mashati ya mabwana harusi: vyote vilipita mikononi mwake vikarudi kwa wenyewe vimenyooka kama karatasi. Kamba zilikatiza ua wake kutoka ukuta hadi ukuta, na mgeni aliyetaka kufika mlangoni ilimbidi ainame chini ya nguo za watu. Sakafu ya ua huo aliipiga saruji kwa mikono yake, maana hakuna alichokichukia duniani kama tope. Nyoka aliwaogopa, wezi aliwalaani, lakini tope ndilo lililomkosesha raha. Masika yakibisha hodi, wengine walimshukuru Mungu. Yeye alisonya.

Alikuwa na binti mmoja, mtoto wa chekechea, ambaye majirani walimpachika jina la Pamba. Walimwita hivyo kwa sababu ya mavazi yake. Baba mtu alimvisha nguo nyeupe, soksi mpaka magotini, na tone la chai likimdondokea tu, alivuliwa palepale na nguo ikatumbukizwa kwenye beseni. Kukiwa na dimbwi njiani, Dobi alimbeba begani.

"Pamba haikanyagi chini!" fundi baiskeli wa jirani alimtania kila alipowaona wakivuka.

Dobi alicheka. Alidhani anasifiwa.

Mkewe alikuwa msusi, na kila asubuhi aliwahi saluni. Kwa hiyo mtoto akitoka shule alikuwa mikononi mwa baba, katikati ya mabeseni na pasi. "Usiguse hapo. Usikae chini. Angalia viatu." Pamba alitii. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikua hivyo hasa.

Mchana mmoja mawingu yalitanda, Dobi akaenda kumchukua mapema kabla mvua haijamkuta njiani. Alikuta watoto wote wako uwanjani, wamechuchumaa, wanafinyanga vyungu kwa udongo uliolowa asubuhi. Binti yake alisimama barazani peke yake, mikono ameiachanisha na mwili kana kwamba ameiazima na anaogopa kuiharibu.

"Anaumwa?" Dobi alimuuliza mwalimu.

"Haumwi, Baba Pamba. Ndivyo anavyosimama kila siku. Wenzake walimwita mpaka wakachoka."

"Labda hapendi michezo hiyo."

"Nilimuuliza. Akaniambia, 'Mwalimu, nikichafuka nani atanifulia?'"

Dobi alicheka ili kuyapuuza maneno hayo, akamnyanyua mtoto. Njia nzima mtoto alikuwa begani, na kwa mara ya kwanza alimhisi mzito.

Jioni alimsimulia mkewe. Msusi alikuwa ameinyoosha miguu baada ya kusimama siku nzima, na hakumwonea huruma.

"Nimekuambia mara ngapi? Wewe sikio lako limezibwa na povu la sabuni."

"Basi nifanyeje?"

"Jumamosi nafunga saluni mapema. Tunamtoa nje."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ikinyesha ndiyo vizuri."

Ikanyesha. Jumamosi hiyo, ilipobaki rasharasha tu, walitoka wote watatu kwenda kwenye kiwanja kilichokuwa nyuma ya maduka. Upande mmoja kulikuwa na mteremko, na watoto wa mtaa walikuwa wakiserereka juu ya maboksi yaliyokunjuliwa mpaka wanatumbukia kwenye dimbwi, chubwi! Pamba aliwatazama, kisha akaishika suruali ya baba yake.

"Baba, twende nyumbani."

"Ingia ucheze kidogo, mama."

"Nitachafuka."

"Leo nimekuruhusu."

Mtoto alimtazama kama mtu anayewekewa mtego. "Utanigombeza."

"Sikugombezi."

"Jana ulinigombeza."

Hilo lilikuwa kweli. Dobi aligeuka kumtafuta mkewe amwokoe, lakini mkewe alijifanya anafunga kitambaa kichwani. Basi akavua makubazi, akakunja suruali, akatia mguu. Tope la baridi lilimpenya katikati ya vidole, na nywele za shingoni zikamsimama. Hatua ya kwanza aliiweza. Ya pili ilimtoroka: miguu juu, mikono hewani, akala mweleka wa kishindo, puu!

Watoto walimjua Dobi kwa ukali wake, na kila mmoja alisubiri matusi. Kilichosikika ni kicheko, kimoja tu, cha kutoka tumboni, na Dobi alipogeuza kichwa alimwona ni Pamba, amejishika mbavu. Hakuwahi kumsikia akicheka namna ile.

"Mama! Baba amechafuka! Nani atamfulia?"

"Atajifulia mwenyewe," alisema msusi. "Si ndiyo kazi yake?"

Pamba akavua viatu, akavipanga sambamba juu ya jiwe, akaingiza kidole gumba cha mguu kwenye tope. Akakitoa, akakikagua, akakirudisha. Kisha mguu mzima. Ilichukua muda, na hakuna aliyemharakisha. Ilipofika saa ya chakula, hakuna aliyeweza kumtambua ila kwa meno. Mama mtu alikuwa ameserereka naye mara zisizo na idadi, na Dobi ndiye aliyekuwa akiwasukuma.

Msimamizi wa nyumba ya wageni alipita na mwavuli wake, akasimama akakodoa macho.

"Dobi! Ni wewe huyo?"

"Ni mimi, bosi."

"Na shuka zangu?"

"Shuka zako kavu kabisa. Ni mimi tu niliyelowa."

Siku iliyofuata Pamba aliamka na mafua, na Dobi alinung'unika mpaka mkewe akamfukuza jikoni. Shuleni nako mambo hayakugeuka kwa siku moja. Mwalimu alisema mwanzoni Pamba alivikalia viatu vyake asiguse ardhi, ndipo akafinyanga. Lakini kadiri masika yalivyoendelea, alianza kurudi na udongo kwenye mifuko, na begani hakutaka tena kubebwa. Dobi alimtafutia nguo kuukuu za rangi ya kahawia kwa ajili ya kiwanjani, wakakubaliana: kule nje ni kwako, uani ni kwangu.

Mkataba huo haukudumu. Alasiri moja, jua limechomoza baada ya mvua, Dobi alikuta chapa ya kiganja kidogo chenye udongo katikati ya shuka nyeupe ya wageni. Alifungua mdomo kufoka, akaufunga, akaishusha shuka kutoka kwenye kamba. Alinung'unika wakati wa kuifua na alinung'unika wakati wa kuisuuza. Pamba alisogeza kigoda, akapanda, akatia mikono kwenye beseni akasuuza naye, akimwagia baba yake maji mengi kuliko shuka. Walipomaliza waliianika, mtoto akimpa vibanio kimoja kimoja, na kila kimoja tayari kilikuwa na alama ya kidole cha udongo.