Mabati yetu yamebarikiwa, sisi tunalowa

Admin, nifiche vizuri, maana huku kwetu Masisi watu wanaufuata ukurasa huu kuliko wanavyofuata mahubiri. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, mkulima wa maharagwe na mihogo kwenye milima ya upande wa Nyabiondo. Nina mume, watoto wanne, na mama mkwe mwenye kifua kibovu. Mume wangu anafanya biashara Walikale, nyumbani anaonekana kwa nadra. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kunyamaza, na najua kuna watakaonilaumu kabla hawajamaliza kusoma.

Nyumba yetu ni ya mbao, na paa lake lilikuwa limechoka. Mume wangu alinunua mabati mapya Goma, akayatuma kwa lori. Mimi nilitaka tumwite fundi mmoja wa Kitshanga aliyemfanyia jirani yangu kazi safi. Mume akakataa kabisa. Kaka yake mkubwa, nimwite Papa Josué, ni fundi wa mbao na mzee wa kanisa, na kwetu huwezi kumpa mtu wa nje nyumba yako wakati kaka yako mwenyewe anashika nyundo. Ni kumvua nguo mbele za watu. Nikakubali. Papa Josué akayachukua mabati kwenda kuyatunza kwake, eti kwangu wezi watayabeba. Kisha akaja na wenzake, wakang'oa paa lote, bati za zamani wakazikatakata kufunika choo.

"Kesho tunarudia, Mama Furaha," akaniambia.

Hiyo kesho naisubiri mpaka leo. Mvua imetukuta hivyo hivyo. Tulitandika turubai la shitingi juu ya mbao, upepo ukaichana, mbegu zangu za maharagwe zikaota ndani ya gunia. Sasa wote tunalala kwenye jiko la nje. Ukifungua mlango, maji yanaingia. Ukiufunga, moshi unamkaba mama mkwe, na anakohoa mpaka nashikwa na hofu kwamba safari hii hatapata pumzi. Nilimwomba ahamie kwa Papa Josué, maana ni mwanawe wa kumzaa. Alikataa, akasema hatoki kwake kwenda kuwa mgeni kwa mkamwana mwingine.

Kila nikimpigia Papa Josué simu, leo mgonjwa, kesho misumari haipo, keshokutwa yuko kwenye kazi ya kanisa. Nikachoka, nikamwita yule fundi wa Kitshanga kwa siri. Alifika, akatazama juu, akaniuliza nani ameanza. Nilipomtajia akapanda pikipiki yake. "Mama, hii chantier iko ya Papa Josué. Mimi siwezi kugusa kazi ya mwenzangu kama yeye mwenyewe hajaniachia." Nilimsihi sana, akaondoka.

Jumapili iliyopita kanisani walikuwa wanafungua sehemu mpya ya wanakwaya. Niliingia, nikainua macho, nikaona bati zinang'aa. Sikuwaza kitu. Pasta akamshukuru Papa Josué kwa kazi yake, watu wakampigia makofi, halafu akaniita mimi mbele.

"Hii mabati inatoka mu nyumba ya huyu mama," akasema. "Bo benyewe banalala mu jiko, lakini balitanguliza nyumba ya Mungu."

Vigelegele vikapigwa. Pasta akaniwekea mikono kichwani, akaomba. Ndugu zangu, mimi nisiyejua kunyamaza, ulimi ulikufa. Nikasema amina.

Nilimkamata Papa Josué nyuma ya kanisa, nikamuuliza nani alimtuma atoe mabati yetu. Hata hakuona haya.

"Kazi ya Mungu ilikuwa imesimama, na yenu ilikuwa inalala tu kwangu," akanijibu. "Si ulisema amina mbele ya batu bote?"

"Mama yako anakufa na moshi, Papa Josué."

"Bwana yako kule Walikale atatuma ingine. Usilete fujo ku kanisa."

Jioni nikampigia mume wangu. Nilidhani atawaka. Badala yake akasema kama pasta ameshayaombea, hayo si yetu tena, na nisiianike familia yao. Aliniumiza kuliko kaka yake. Nililia kwa hasira.

Mama mkwe nilimficha, lakini wamama wa kanisa walipita kumpongeza. Akaniita, nikamweleza yote. Chakula hakukigusa.

Leo asubuhi nimemkuta mlangoni mwa jiko, amekunja mkeka, amefunga blanketi na kikombe chake kwenye kitenge. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Ku kanisa," akasema. "Mabati yangu iko kule. Miye nitalala chini yake."

"Mama, batu batasema nini?"

"Baseme. Balimupigia mutoto wangu makofi. Bakuje bamupigie tena."

Nisiwadanganye, moyo wangu ulifurahi kidogo, kisha nikaogopa. Kanisa liko juu ya kilima, peke yake na mzigo hafiki, kwa hiyo amenitaka nimbebee. Nikimpandisha, Papa Josué ataaibika mbele ya kanisa zima, na mume wangu ataamini ni mimi niliyemtuma mama yake. Hilo hatanisamehe. Nikikataa, anarudi kwenye moshi na kile kifua.

Amekaa hapa pembeni yangu, mvua inapungua, na ananitazama ninavyoandika. Ndugu zangu, mnieleze haraka, na wale mlio na mama wakwe mniambie ukweli. Niubebe huu mkeka, au niuache chini?