Pua ya Fundi Obura

Nina tabia ya kuchungulia mambo ya watu, na sioni aibu kuisema. Mtu anayeuza chai mbele ya mabanda ya mafundi hapa Nakuru, nyuma ya reli, asipochungulia atafanya nini maji yakichelewa kuchemka? Ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kugundua kwamba fundi Obura ameacha kuniomba maji ya moto.

Obura hutengeneza matangi ya mafuta ya magari. Babu yake aliletwa hapa na kazi ya reli, baba yake akazeekea katika karakana ya injini, naye akabaki na mtungi wa gesi, nyundo na subira. Tangi likitoboka, mafundi wengi watakwambia ukanunue lingine. Wanaogopa kulichomelea, na wana haki. Petroli ikimwagwa hubaki mvuke wake ndani, na mvuke huo ukikutana na moto, tangi hupasuka na fundi akaenda nalo.

Obura alikuwa na dawa yake, nayo ilikuwa pua. Baada ya kuliosha tangi aliingiza pua kwenye tundu la tangi, akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa mama mkwe, akakaa hivyo hadi mwenye gari aanze kukohoa. Kisha anakuja kwangu: "Mama Becky, nisaidie maji moto kidogo." Anamimina, anatikisa, anamwaga, ananusa tena. Siku nyingine alirudi hadi birika langu likakauka na wateja wangu wakaanza kuninunia. Pua isipokubali, moto hauwashwi.

Mwaka jana homa ilimlaza. Aliporudi alikuwa amekonda, na alikuja na desturi mpya. Tangi likishaoshwa, anamsogezea mwenyewe: "Boss, nusa wewe. Tangi ni yako." Wateja waliipenda desturi hiyo, wakajiona wameheshimiwa. Mtu ananusa, anasema iko sawa, Obura anawasha gesi. Maji yangu ya moto hakuyaulizia tena.

Jambo hilo lilinikereketa. Kwanza nilidhani amehamia kwa muuza chai mwingine, nikawa namwangalia kwa jicho la pembe kila anapoinuka. Wapi! Chai alikunywa kwangu vilevile. Asubuhi moja maziwa yakaniungulia vibaya. Wateja walikunja nyuso, mmoja akarudisha kikombe. Obura alimaliza chake, akapangusa mdomo na kuniambia chai ya leo imeiva.

Hapo sikuweza kuvumilia. Kesho yake nililowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, nikakisukuma chini ya stuli yake. Dereva aliyekaa karibu naye alihama na mandazi yake mkononi. Obura alikaa papo hapo, akatafuna, akasema leo kuna kahewa kazuri. Nikakitoa kile kitambaa na kukiweka mezani mbele yake.

"Obura, pua yako iko wapi?"

Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi. Mandazi yalibaki hewani.

"Ilienda na ile homa," akasema polepole. "Daktari aliniambia itarudi. Haijarudi."

"Na hujaambia mtu?"

"Nikisema, nani ataniletea tangi? Hii ndio kazi najua, Mama Becky. Ukitoa neno hapa, nimeisha."

Nilimhurumia, lakini hasira zilikuwa zimeshanipanda. "Kwa hivyo unawasha moto ukitegemea pua ya mtu hata humjui?"

"Kila mtu ako na pua."

"Na kila mtu ako na haraka!"

Niliahidi kunyamaza, na nikanyamaza, ila tangu siku hiyo kila aliposhika kiberiti nilishika meza. Nilijua sasa kwa nini haji tena na ombi lake. Ilikuwa ni pua iliyokuwa ikimtuma kuja kuomba maji ya moto, na aliyetumwa hana tena wa kumtuma.

Ndipo akaja mzee Kamande kutoka Mau Narok na Pijo 404 ya rangi ya maziwa, gari kuukuu lililotunzwa hadi ukaona huruma kuliegemea. Mafuta yalikuwa kwenye mtungi wa plastiki chini ya boneti, na mpira ukiyapeleka kwenye injini moja kwa moja. Tangi lenyewe lilikuwa limeoza. Alisema kutu ilikuwa ikiziba kabureta na gari kumzimikia mlimani, mara nyingine akiwa na viazi nyuma na waumini wa kanisa lake mbele.

"Si utafute ingine kwa wale wanauza vipuri vya zamani?" nikauliza, ingawa hayakunihusu.

"Nimezunguka mpaka Molo. Zinakuja za gari ingine, hazikai. Hii ilizaliwa na hii gari," akasema, akilipapasa tangi. "Na nataka kupanda mlima kabla mvua ishike barabara."

Obura alitia ndani vipande vya mnyororo, kokoto na maji yenye magadi, yale tunayopikia maharagwe magumu. Akashika upande huu, Kamande upande ule, wakalitikisa hadi mabanda yote yakawasikia. Maji yalitoka yakiwa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Wakarudia, wakarudia tena. Kisha Obura akaingiza tochi ndani, nasi tukainama kuangalia kitako cha tangi. Mwanga ulitoka kwenye vitobo vingi. Ningeweza kuchujia chai. Nilivutiwa sana. Bati lililoonekana zima kumbe lilikuwa rangi tu imeshikana.

Akakata kiraka, akakigonga kikakaa. Kisha, kama kawaida yake mpya, akamsogezea mzee tangi. Asubuhi hiyo kulikuwa na baridi, upepo ukishuka kutoka Menengai. Kamande aliinama, akanusa mara moja, macho yake yakiwa kwenye mawingu ya upande wa Mau.

"Hakuna kitu. Choma."

Obura akafungua gesi. Akatia mkono mfukoni kutafuta kiberiti.

Sijui nilifikaje pale. Najua nilikuwa na birika mkononi na wateja wangu walikuwa wakiita. "Ngoja!" nikasema, nikamimina maji yanayochemka ndani ya tangi lile, nikalitikisa kwa paja langu. Petroli ikiingia kwenye kutu hujificha, na baridi huilaza humo. Joto ndilo huiamsha. Hilo nililijua kwa miaka yote niliyomwona Obura akiifukuza. Harufu ilitoka kama iliyokuwa imefungiwa chumbani. Kamande aliruka nyuma na kofia yake ikaanguka. Mimi nilitokwa na machozi.

Obura peke yake hakusogea. Alisimama juu ya tangi, kiberiti mkononi, akitutazama nyuso kwa zamu.

"Iko?" akauliza.

Mzee akamkodolea macho. "Iko? Si umesimama hapo hapo, fundi?"

Nilifunga mdomo, na kuufunga kuliniuma. Obura alifunga gesi. Akakirudisha kiberiti mfukoni.

"Mzee, mimi sisikii harufu," akasema. "Tangu mwaka jana. Huyu mama pekee ndio anajua. Ukitaka kuchukua tangi yako, chukua."

Kamande aliokota kofia yake, akaipangusa vumbi kwa muda mrefu kuliko vumbi lililokuwapo. Alilitazama gari. Akamtazama Obura, na mikono yake, na lile eneo la kiraka kilichogongwa kikakaa vizuri.

"Na mimi ndio nilikuambia uchome," akasema. Kisha akanigeukia. "Mama Becky, weka maji ingine."

Nikaweka. Birika baada ya birika, tukanusa, mimi kwanza kisha mzee, tukibishana kama majaji, Obura akimwaga na kutikisa. Nilipoinua kichwa hatimaye na kusema, "Sasa," alinitazama sana kabla ya kuwasha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, lakini sikuondoka. Moto uliwaka, kiraka kikashika, na bati likalia kidogo likipoa.

Siku hizi matangi hupitia mezani kwangu kwanza. Obura humwambia kila mteja mapema, hata kabla salamu haijaisha. Wapo walioondoka. Wengi hubaki, wakaagiza chai.

Lakini siku ile ya Pijo, tangi liliporudi mahali pake na mafuta yakajazwa, mzee Kamande aliwasha, injini ikakohoa, ikakubali. Moshi ukatufunika. Obura akainama nyuma ya gari, akafumba macho vilevile alivyokuwa akifanya zamani, akavuta pumzi ndefu.

"Inanukaje, Mama Becky?" akaniuliza.

Nikamweleza yote, taratibu, hadi gari lilipopotea kwenye kona ya kwenda Njoro, naye hakufumbua macho.